Kasma ya Ugali

Sauti ilitoka kwenye spika ndogo iliyofungwa kwa waya juu ya mashine, ikatangaza bila haya wala huruma: urefu, sentimita 172, uzito, kilo 102. Ilikuwa Kariakoo, saa saba mchana, watu wamebanana kama dagaa kwenye tenga. Mhasibu alipanda juu ya mashine ile kwa sababu tu alikuwa amenunua chaja ya simu na kubakiwa na chenji. Alidhani atapewa kikaratasi, akisome kimyakimya, akitie mfukoni. Kumbe mashine za mtaani hazina siri. Kijana mmoja muuza maji alisimama, akamtazama kuanzia viatuni hadi utosini, akasema kwa upole, "Mzee, mia na mbili si mchezo." Mama aliyekuwa akipita na furushi la vitenge akamtetea kwamba kitambi ni heshima, asiwasikilize hao. Utetezi huo ndio uliomuuma zaidi.

Jina lake hatulitaji. Inatosha kusema kwamba ni mhasibu wa kampuni moja ya mjini, anakaa Tabata, ana mke, watoto watatu na shemeji mmoja aliyekuja Dar es Salaam kwa wiki mbili mwaka juzi, na kwamba suruali zake zina namba ileile ya suruali za mwandishi wa makala haya.

Mtu mwingine angeaibika, akapanda daladala na kusahau. Mhasibu aliaibika, akapanda daladala, na alipofika nyumbani akafungua kompyuta. Kwanza alitafuta kanuni ya kugawanya kilo kwa mita zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe, akaipenda papo hapo alipogundua kwamba aliyeibuni hakuwa daktari. Adolphe Quetelet alikuwa Mbelgiji, mtu wa nyota na takwimu, na katika miaka ya 1830 shida yake ilikuwa kumtafuta "mtu wa wastani", siyo kumkondesha yeyote. Ni mwaka 1972 ndipo Mmarekani Ancel Keys alipoipa hesabu hiyo jina inaloitwa kliniki hadi leo. Mhasibu aligawanya, akapata 34.5. Kuanzia 25 mtu huhesabiwa kuwa amezidi uzito; kuanzia 30 hilo ni tatizo lenye jina lake. Ili arudi chini ya 25 ilibidi awe na kilo zisizofika 74, uzito aliokuwa nao siku ya ndoa yake, na hata siku hiyo koti la kuazima lilimbana.

Kilo 28 za kuondoa, basi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kubeba kalori 7,700. Akazidisha, akapata 215,600. Akipunguza kalori 600 kila siku, deni lote litakuwa limelipwa ndani ya siku 359, yaani mwaka mmoja kasoro siku sita. Aliandika tarehe ya mwisho kwa wino mwekundu, akalala usingizi wa mtu aliyefunga mahesabu ya mwaka.

Ratiba yenyewe aliipata kwenye programu ya simu. Iliruhusu kalori 1,800 kwa siku, nazo akazigawa kama bajeti ya serikali: kasma ya asubuhi, kasma ya mchana, kasma ya usiku na kasma ndogo ya dharura. Tatizo lilikuwa upande wa manunuzi. Jumatatu ilitaka kwinoa, brokoli na jibini nyeupe isiyo na mafuta. Jumanne ilitaka samaki aina ya salmoni, ambaye hajawahi kuonekana akiogelea karibu na Feri. Muuza nafaka wa Kariakoo alisikiliza neno "kwinoa" mara tatu, akauliza ni dawa ya nini, kisha akampimia kilo moja ya uwele akimhakikishia kwamba ni kitu kimoja, jina tu linabadilika njiani. Uwele uliopikwa kama wali ulikaa mezani siku nzima. Shemeji aliumaliza usiku, kwa maziwa na sukari, akasema uji wenyewe mzito kidogo lakini si mbaya.

Linalosikitisha ni kwamba hakukuwa na haja ya safari hiyo. Tangu mwaka 2008 Tanzania ina majedwali yake ya virutubisho vya vyakula, yaliyotayarishwa na Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao wa Harvard; ugali umo, maharage yamo, maandazi yamo. Wakenya nao walitoa ya kwao mwaka 2018. Lakini mhasibu alikuwa na imani ya wengi wetu, kwamba chakula cha kupunguza mwili lazima kiwe kigumu kutamka.

Wiki ya pili alirudi kwenye vyakula vya nyumbani akiwa na silaha mpya: mizani ya jikoni, bapa, ya kidijitali, inayosoma hadi gramu moja. Ratiba ilisema mchana ale gramu 60 za wali. Akaweka sahani, akarudisha sifuri, akapakua vijiko vitatu, mizani ikafika 63. Akapunguza punje kadhaa kwa ncha ya uma. Watoto walikusanyika kutazama kama watu wanaotazama ajali. Chakula kile kilimalizika kabla bismillahi haijapoa mdomoni, na mhasibu akaenda kazini, ambako saa tisa alasiri alimjumlishia mteja kodi mara mbili kwa sababu ya njaa.

Alivumilia siku tano. Siku ya sita ndipo alipoisoma ratiba hadi chini, kwenye maandishi madogo, akakuta kwamba gramu 60 ni za mchele mkavu. Mchele ukiiva hunywa maji na kuongezeka uzito karibu mara tatu, hivyo gramu 60 za gunia ni kama gramu 165 za sufuria. Alikuwa amekula kalori zisizofika 80 mahali alipostahili 215. Mtu mwenye busara angerekebisha kuanzia siku hiyo. Mhasibu alikokotoa malimbikizo ya siku tano, akajilipa yote kwa mkupuo Jumamosi jioni, kwa pilau.

Ugali ulimletea ugumu wa aina nyingine. Gramu 100 za unga wa sembe hubeba kalori 360 hivi, na kwa makadirio yake fungu lake la kila usiku lilikuwa limesongwa kwa robo kilo ya unga. Hizo ni kalori 900, nusu ya bajeti ya siku, kabla mboga haijafika mezani. Kuupima ugali wa moto juu ya mizani ya kidijitali hakukuwezekana, maana baada ya jaribio la kwanza namba ziligoma kwa siku mbili kutokana na mvuke. Akaamua kuhesabu matonge: kumi kwa usiku, hakuna la kumi na moja.

Kwa wiki moja mpango ulikwenda vizuri. Kisha ukaingia mfumuko. Tonge lililoanza na ukubwa wa ndimu lilifika limao katika wiki ya pili, na katika wiki ya tatu kitindamimba aliuliza mbele ya mgeni kwa nini baba anakula machungwa ya ugali. Idadi haikubadilika hata mara moja; kitabu kilionyesha kumi, kumi, kumi. Wakulima wa viazi na vitunguu wanaijua hila hii kwa jina la lumbesa: gunia ni moja, ila juu limevishwa kilemba. Wakala wa Vipimo wanahangaika na lumbesa miaka yote. Kwenye sahani ya mhasibu hakukuwa na wakala.

Halafu kulikuwa na mchicha. Katika jedwali lake mboga za majani zilikaa kwenye safu aliyoipa jina la "bure", na kwa mchicha wa kuchemsha hilo halikuwa mbali na kweli. Lakini jikoni kwake hakuna mchicha wa kuchemsha. Kuna mchicha wa kuunga, kwa kitunguu, nyanya, karoti na mafuta ya kumimina. Jioni moja alisimama kando ya jiko, akahesabu. Mafuta yalimiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu, kwa mkono ulionyooka, kwa muda wa kutosha kusema "Mungu ibariki Afrika". Alipoyarudia kwa kijiko cha chakula, yalikuwa vijiko vinane, na kila kijiko kina kalori 120. Gramu moja ya mafuta hubeba kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini hubeba 4. Watu ni sita, ndiyo, na mboga ilikuwa ya wote. Ila ilijulikana ni nani huchovya mchuzi wa mwisho.

"Kwa hiyo sasa unanipimia mafuta," alisema mkewe bila kugeuka.

Mhasibu alirudi sebuleni.

Mwezi wa kwanza ulipoisha, vitabu vilionyesha matumizi ya wastani wa kalori 1,790 kwa siku, chini ya bajeti kwa kalori kumi. Mizani ya bafuni ilionyesha kilo 102 na nusu. Kwa mhasibu hii si habari ya afya, ni kashfa. Alikagua fomula moja baada ya nyingine. Akabadilisha betri za mizani. Mwisho akamwita mkewe, ambaye ndani ya nyumba ile ndiye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na ukaguzi ulichukua dakika nne, tena akiwa anakunja nguo.

Ukoko wa wali anaoukwangua sufuriani "ili sufuria ioshwe vizuri" haukuandikwa popote. Wala mapande ya chapati yanayoachwa na watoto. Karanga za kwenye foleni ya Buguruni, zinazopitishwa dirishani mwa gari, hazikuwa na stakabadhi. Kuonja mchuzi mara tatu kabla haujapakuliwa kulichukuliwa kuwa msaada wa kiufundi. Na zile soda za vikao vya kamati ya harusi ya mtoto wa jirani, vikao sita mpaka wakati huo, ziliwekwa kwenye kundi la michango. Mkaguzi alitoa hati yenye shaka, akaendelea na nguo.

Katika hili mhasibu hakuwa peke yake. Mwaka 1992 jarida la kitabibu la New England lilichapisha utafiti wa Wamarekani waliokuwa wakidai kwamba wanakula kidogo na bado hawapungui. Walipopimwa kwa njia za maabara, ilionekana kwamba walikuwa wakiandika chakula pungufu kwa asilimia 47, na kujiongezea mazoezi kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo, walisahau, kama wasahaulifu wote wanavyosahau kwa faida yao. Mhasibu alisoma matokeo hayo mara mbili. Makosa ya asilimia 47, alisema, kazini kwake mtu anafukuzwa.

Kuhusu mazoezi hatutasema mengi, kwa sababu hata yeye hakufanya mengi. Alijiunga na klabu ya jogingi ya mtaani, akanunua fulana. Mtu wa kilo mia akikimbia polepole kilomita 5 huunguza kama kalori 500. Mhasibu alikimbia mbili, tatu akazitembea akizungumza na katibu wa klabu, kisha wote wakaishia mahali ambapo klabu zote za jogingi za Dar es Salaam huishia, kwenye supu. Chapati mbili za mafuta peke yake zilirudisha alichokiunguza, na makongoro yakafungua deni jipya.

Sukari ndiyo iliyomwokoa, na ilimwokoa bila mizani. Alikuwa mtu wa vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4, kwa hiyo alikuwa akinywa gramu 48 kabla ya soda yoyote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingekuwa vizuri ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Aliacha kwa awamu: vijiko viwili, kimoja, nusu, sifuri. Wiki tatu chai ilikuwa na ladha ya maji ya kuoshea kuni. Wiki ya nne alionja kwa bahati mbaya kikombe cha mwenzake ofisini, akadhani ni sharubati. Kalori 192 kwa siku ziliondoka hivyo hivyo, bila uma, bila punje, bila kikao.

Usiku ndio ulikuwa mgumu. Nyumba ikishalala, mhasibu alijikuta kitandani akitazama video za watu wasiowajua wakipika biriani. Alitazama pia vitumbua vya Zanzibar, mishkaki ya Mombasa, na mzee mmoja wa India anayekaanga mayai mia kwenye karai moja. Aliona aibu, hadi aliposoma habari za jaribio la Minnesota. Mwaka 1944 Ancel Keys, yuleyule aliyeipa jina kanuni ya Quetelet, aliwachukua vijana 36 waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa miezi sita ili ajue namna ya kuwalisha watu waliofikwa na njaa ya vita. Baadhi yao walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama riwaya. Wale walikuwa na njaa ya kweli. Mhasibu alikuwa amekula saa mbili zilizopita. Hata hivyo alijisikia miongoni mwa ndugu.

Usiku huohuo ndipo alipokutana na William Banting wa London, na urafiki wao umedumu. Banting alikuwa mtu wa mazishi, ukoo wake uliandaa hata mazishi ya kifalme, naye alinenepa mpaka hakuweza kufunga kamba za viatu na ngazi alizishuka kinyumenyume. Mwaka 1863 alichapisha kijitabu kueleza alivyopunguza zaidi ya kilo 20 kwa kuacha mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Ratiba yake ilikuwa na nyama au samaki mara tatu kwa siku, vyote vimetajwa kwa vipimo, na glasi za mvinyo juu yake. Jambo lililomvutia mhasibu halikuwa mvinyo. Ni kwamba mtu aliyeuza majeneza kwa vipimo ndiye aliyeona haja ya kupima chakula.

Mwezi wa tatu mizani ilikuwa imeshuka hadi kilo 98, na hapo ndipo safari ya Muheza ilipoingia.

Mama mkwe wake hapiki kwa vipimo. Alikuwa ameamka alfajiri, akakaa juu ya mbuzi na kukuna nazi mbili kwa mkono wake. Nyama ya nazi moja ya wastani ina kalori zinazokaribia 1,400. Si zote zinazotoka kwenye kifumbu, lakini mama yule anakamua kama anayedai. Tui jepesi lilipikia wali, tui zito likaenda kwenye samaki. Mezani kulikuwa pia na maharage ya nazi. Maembe na machungwa yalifuata, maana Muheza hakuna anayeondoka bila chungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo? Mnakula huko Dar?"

Mhasibu alieleza kwa adabu zote kwamba yupo kwenye mpango maalumu wa kupunguza mwili, na kwamba angeomba apakue mwenyewe, kidogo tu. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho. "Mwanangu," akasema, "mtu hupunguza deni. Mwili unaupunguzia wapi?" Kisha akachukua upawa.

Wanaoandika ratiba za mlo wanadhani kila mtu ni mmiliki wa sahani yake. Kwao, chakula kinatoka kwenye pakiti yenye namba ubavuni, kinaingia kwenye sahani ya mtu mmoja, naye ndiye anayeamua. Kwetu sahani hupakuliwa na mtu mwingine, na anapopakua anasema jambo. Mlima wa wali mbele ya mkwe ni hotuba: nimefurahi umekuja, unamtunza binti yangu, nyumba hii haina njaa. Kukwangua nusu ya mlima huo na kuurudisha sufuriani ni kumkatiza mtu mzima akiwa anazungumza. Mhasibu alijaribu njia ya heshima iliyobaki, akasema anawabakizia watoto. Watoto wakaitwa. Wakaja wakipangusa midomo. Walikuwa wamekula kabla yake.

Alimaliza. Upawa ukarudi bila kuuliza. Akamaliza tena. Kwenye jedwali la siku hiyo, mahali pa kalori, aliandika maneno mawili tu: "ziara rasmi".

Jioni, mama mkwe alimvuta bintiye nyuma ya nyumba. Alitaka kujua mumewe anaumwa nini, na kama wameshapima.

Swali hilo si la ushamba. Watu wa umri wake waliona wenzao wakikonda katika miaka ya 1980 na 1990 na wanajua ilivyoishia. Uganda ugonjwa wa UKIMWI uliitwa "slim", yaani wembamba, na jina hilo liliingia hata kwenye jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 1985. Mtu aliyekulia nyakati hizo hawezi kuambiwa "umepungua" akasikia pongezi. Ofisini mambo yalikuwa vilevile kwa sura mpya. Mlinzi wa getini alimpa pole bila kusema ya nini. Mwenzake wa dawati la pili alifunga mlango, akamuuliza kwa sauti ya chini kama amenaswa na mikopo ya kausha damu, kwa sababu kama ni hivyo wapo watu wa kumsaidia kulipa. Katibu muhtasi alimletea chupa ya dawa ya miti shamba iliyoandikwa kwamba inatibu magonjwa 40. Hakuna hata mmoja aliyedhani kwamba mtu mzima, mwenye mshahara, ameamua mwenyewe kuacha wali.

Waliporudi Tabata, mkewe ndiye aliyekata shauri. Alimwambia maneno ambayo mhasibu, kwa sifa yake, aliyaandika.

"Baba watoto, wewe unapima ugali ukishafika mezani. Mimi nilishaupima kwenye sufuria."

Mwiko ulikuwa wake, na mwiko kwa Kiswahili una maana mbili, zote zikifanya kazi ndani ya jiko lile. Alichofanya, bila jedwali, ni kupunguza unga: kikombe kimoja kila sufuria ya usiku. Hakutangaza. Mafuta akayatoa kwenye dumu na kuyaweka kwenye chupa ndogo yenye tundu dogo. Mchicha ukaongezwa mafungu mawili, sahani ikaonekana imejaa kama zamani. Wiki mbili zilipita kabla mhasibu hajagundua, na aligundua kwa sababu ya bei ya mchicha kwenye daftari la matumizi, siyo kwa tumbo.

Kuna utafiti unaoeleza jambo hili vizuri kuliko jedwali lake. Mwaka 2002 Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State waliwapa watu makaroni ya jibini, siku tofauti, mafungu ya ukubwa tofauti. Walipopewa fungu kubwa kabisa walikula nishati zaidi kwa asilimia 30 kuliko walipopewa dogo. Walipoulizwa wameshiba kiasi gani, majibu yalikuwa karibu sawa. Mtu hula kilichopakuliwa, shibe hufuata nyuma na kutia sahihi.

Kwa siku ambazo chakula kinapikwa na wengine, muuguzi mmoja alimfundisha vipimo vya mkono, njia ambayo ilipata umaarufu Zimbabwe kwa kuwaelekeza wagonjwa wa kisukari: ngumi mbili za wanga, kiganja kimoja, bila vidole, cha nyama au samaki, mboga za kujaza viganja viwili vilivyokingwa pamoja, na mafuta yasiyozidi ncha ya kidole gumba. Mkono huo huo unaokula ndio unaopima, na hauhitaji betri. Nyumbani ilizuka kesi siku ya kwanza, pale mhasibu alipopendekeza kwamba ngumi ipimwe kwa wastani wa kaya. Shemeji, ambaye aliwahi kucheza ndondi za mtaani huko Korogwe, ana ngumi mbili za mtu mwingine. Pendekezo lilikataliwa na Mkaguzi.

Tarehe ya wino mwekundu haitafikiwa. Hesabu ya siku 359 ilichukulia kwamba mwili wa kilo 102 na ule wa kilo 90 unatumia nishati ileile, kumbe unavyopungua ndivyo matumizi yake yanavyopungua, na mteremko unalala. Mhasibu amesogeza tarehe mara mbili. Sasa ameacha nafasi wazi.

Miezi sita baada ya siku ile alirudi Kariakoo kuitafuta mashine yenye spika. Mahali pake palikuwa na muuza kava za simu. Akaenda duka la dawa la jirani, lenye mizani ya kimya inayotoa kikaratasi, akiwa na shemeji aliyemsindikiza kubeba mchele. Mhasibu alipanda, akapata kilo 95. Amepunguza 7. Shemeji naye akapanda, kwa kuwa ilikuwa bure. Alipofika Dar es Salaam kwa zile wiki mbili zake alikuwa na kilo 61. Kikaratasi chake kilisema 68.

Mhasibu aliviweka vikaratasi vyote viwili kwenye pochi, kimoja upande wa kutoka, kingine upande wa kuingia. Mizania imelingana.